Viti Vitupu Siku ya Jina

Asubuhi ya siku ya jina lake, Apolonia Gawlik alitandika kitambaa cheupe mezani, akapanga viti vyote vya nyumbani, na pembeni akaweka ule ubao ambao mumewe huulaza juu ya vigoda ukawa benchi. Kisha akasimama mlangoni akatazama. Akaona viti vimezidi. Akaliondoa benchi. Akalitazama kidogo, akalirudisha.

"Pola, hilo benchi limekukosea nini?" mumewe Ludomir aliuliza kutoka kitandani.

"Nasafisha chini yake."

"Chini yake pameshasafika mpaka sakafu imepauka. Liache lipumzike."

Siku ya jina haina kadi wala mwaliko. Kalenda ya ukutani huipa kila siku jina la mtakatifu; ikisema leo ni Apolonia, kila amjuaye Apolonia anajua. Anayetaka kuja anakuja na maua yake, anabisha hodi, anakula, anaimba, anarudi kwake. Asiyekuja naye amesema neno lake, na wala hakuna wa kumuuliza. Miaka yote jambo hilo lilimfurahisha Apolonia, maana alipenda kufungua mlango bila kujua ni nani. Mwaka huu aliuogopa mlango huo.

Sababu ilikuwa gazeti. Wiki iliyopita gazeti la mkoa lilitoa picha yake, ile ya zamani yenye kofia, na chini ya picha habari kwamba mshairi Apolonia Gawlik atatunukiwa Tuzo ya Kalamu ya Mkoa, Jumamosi, mbele ya kamera za televisheni. Liliandika kwamba ameipokea habari hiyo kwa furaha na shukrani nyingi. Yeye alikuwa hajapokea chochote. Aliitwa ofisini, akaambiwa, akajibu, "Nitafikiri." Ofisi haikungoja afikiri.

Siku ya pili baada ya gazeti kutoka alikwenda kupiga foleni ya samaki wa chumvi, kwa kuwa siku ya jina bila samaki wale kwenye mafuta na vitunguu haiwi siku ya jina. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Mwanamke mmoja aliyejifunga kitambaa cha sufu kichwani alimgeukia akamtazama juu mpaka chini.

"Jamani, mpisheni mama wa tuzo apite. Watu wa tuzo hawapigi foleni."

"Mimi napiga, kama wewe," Apolonia alisema.

"Leo, mama, leo. Ngoja Jumamosi ipite. Jumapili samaki watakuja wenyewe kukubishia hodi!"

Foleni nzima ikacheka, na Apolonia akajilazimisha kucheka nayo. Kicheko hakikumuumiza sana. Kilichomuumiza ni mwalimu mmoja mzee aliyekuwa mbele kidogo. Huyo mzee kila wakikutana huvua kofia akamsomea ubeti mmoja wa mashairi yake mwenyewe Apolonia, tena huukosea, naye Apolonia hamsahihishi. Siku hiyo mwalimu hakuvua kofia. Alikuwa akitazama dirisha la duka kama mtu anayesoma, na dirishani hamkuwa na kitu isipokuwa makopo ya siki.

Tangu gazeti litoke, rafiki yake Hermina hakuja. Na mume wa Hermina, Ksawery, naye kimya.

Huyu Ksawery Zaręba ndiye aliyekuwa kiini cha mambo yote. Yeye na Apolonia walijuana tangu ujana, walipokuwa wakisomeana mashairi katika ukumbi usio na moto, makoti mwilini, mvuke ukiwatoka mdomoni kama farasi. Miaka kadhaa nyuma Ksawery alisoma nyumbani kwa watu shairi kuhusu wafanyakazi waliopigwa virungu na polisi. Shairi likatoka nyumba moja likaingia nyingine, mpaka likasikika kwenye redio ya ng'ambo. Tangu hapo ikawa marufuku jina lake kuchapwa mahali popote. Aliposhika nafasi ya pili katika mashindano ya sataranji ya mtaa, gazeti liliwataja wa kwanza na wa tatu tu. Sasa alikuwa akichochea makaa kwenye tanuri la dobi wa hospitali, na kwa kuwa huko kuna joto, alisema amepandishwa cheo.

Ofisini Apolonia alipokewa na Ndugu Zenobiusz Krupa, mkubwa wa utamaduni, mtu mpole, mwenye mikono misafi na sauti ya kubembeleza. Alimwagizia chai. Akasifu mashairi yake, na hakuyakosea. Akamwambia tuzo ni yake, kitabu chake kipya kiko tayari kiwanda cha uchapaji na kitatoka kabla theluji haijayeyuka. Tena akamwambia, huku akikoroga chai, kwamba wamesikia habari za mzee Ludomir na mapafu yake, na kwamba katika majengo mapya kuna nyumba ya ghorofa ya chini yenye dirisha la jua.

"Nasi tunaomba maneno machache tu, Ndugu Apolonia. Ukishapokea tuzo, useme pale jukwaani kwamba Zaręba amepotea njia, na kwamba hasemi kwa niaba ya washairi wa Poland. Basi. Hata dakika haitimii."

Apolonia alisema atafikiri. Akashuka zile ngazi za marumaru akiwa na nyumba nzima kichwani. Dirisha alikwisha kulitia pazia.

Maana wao waliishi ghorofa ya nne, na jengo halikuwa na lifti. Ludomir alifanya kazi kiwanda cha saruji mpaka akastaafu, na saruji ikastaafu pamoja naye, kifuani. Alipopanda ngazi alisimama kila baada ya hatua chache akijifanya anasoma majina kwenye milango. Majirani wa ghorofa ya tatu walimwekea kigoda kwenye pembe ya ngazi, bila kumwambia kitu, na yeye akakikalia bila kuwaambia kitu.

Habari ya tuzo aliijua. Habari ya nyumba na ya yale maneno, mkewe alimficha.

Basi samaki wakakaa kwenye mafuta yao, keki ya jibini ikapoa, chupa ikawekwa dirishani nje ipate baridi. Dirisha lao lilitazama uani, penye mapipa ya taka na mti mmoja mkavu. Ya barabarani hawakuyaona. Saa za watu kurudi kazini zikafika, taa zikawashwa, na ndipo kengele ikalia.

Apolonia alikimbia na aproni yake kiunoni. Akafungua, akakutana uso kwa uso na maua mekundu, karnesheni zilizofungwa kwa karatasi ya kung'aa, na nyuma ya maua alikuwa Ndugu Krupa.

"Heri ya siku ya jina, Ndugu Apolonia! Afya, furaha na mashairi mengi." Akamshika mkono akaubusu. "Sikualikwa, lakini leo haalikwi mtu, sivyo?"

Sasa ungefanya nini? Mgeni wa siku ya jina haachwi mlangoni. Apolonia akampokea koti, akamkalisha kwenye kiti kizuri, akamwekea samaki na mkate. Ludomir akatoka chumbani amevaa shati jeupe, akammiminia kinywaji kwenye kiglasi. Krupa akala kwa adabu, akasifu vitunguu, akauliza keki imepikwa vipi. Alikuwa mgeni mzuri. Ukimtazama ungesema ni binamu.

"Umepanga viti vingi," alisema.

"Watu huja wakitoka kazini."

"Bila shaka."

Wakakaa. Saa ya ukutani ikawa inasikika. Ludomir akasimulia habari za kiwandani, Krupa akacheka pale pa kucheka. Mtu hakuja. Apolonia alikwenda jikoni akarudi, akasogeza sahani iliyokuwa imekaa vizuri, akaisogeza tena. Chini, mlango mkubwa wa jengo ulisikika ukifunguka na kufungwa, ukifunguka na kufungwa, lakini nyayo hazikupanda.

"Mzee Ludomir," Krupa alisema kwa upole, "mke wako amekwambia habari za ile nyumba?"

"Nyumba gani?"

"Oo." Krupa akamgeukia Apolonia kama aliyeharibu zawadi kwa bahati mbaya. "Nisamehe, pengine ulitaka kumshtukiza. Ghorofa ya chini, mzee wangu, majengo mapya. Ngazi hakuna hata moja. Unatoka mlangoni, uko bustanini."

Ludomir akaweka uma. Uso wake ulipitwa na mambo mengi kwa mara moja, na Apolonia aliyaona yote. Kwanza ilipita bustani.

"Na sisi tunatoa nini?" Ludomir aliuliza.

Krupa alipaka siagi kwenye mkate wake, polepole, mpaka pembeni.

"Nimekuuliza, Pola."

"Keki itaungua," Apolonia alisema, akaenda jikoni, na wote walijua keki ilikuwa mezani.

Alisimama mbele ya jiko lililozimwa. Kwa siku kadhaa alikuwa akiyajaribu yale maneno alipokuwa peke yake, kama mtu anayejaribu viatu dukani. Ksawery Zaręba amepotea njia. Maneno mafupi, na ya uongo, lakini watu wangapi wameshasema maneno ya uongo kwenye lile jukwaa wakashuka, wakala, wakalala? Akayajaribu tena, kwa sauti ndogo. Akamkumbuka Ludomir juu ya kile kigoda cha majirani, mkono kifuani, akitabasamu kwa ajili ya yeyote atakayepita. Akaona hana pa kuelekea.

Ludomir akaingia, akafunga mlango nyuma yake.

"Haya. Sema."

Akasema. Alisema yote, kwa kunong'ona, akiwa ameshika mkono wa jiko. Ludomir alisikiliza mpaka mwisho, na alipoanza kujibu pumzi ilimpungukia, ikabidi angoje kwanza, na kule kungoja kulimzidishia hasira.

"Ulikuwa unaninunulia nyumba kwa shingo ya Ksawery?"

"Sijanunua. Nilikuwa nafikiri."

"Unafikiri peke yako! Siku zote hizi tunalala kitanda kimoja, tunakunywa supu chungu kimoja, nawe umebeba mzigo kama huu bila kusema. Mimi ni nani humu ndani, kabati?"

"Usipige kelele, atasikia."

"Na asikie. Sikiliza, mke wangu. Unataka kukubali? Kubali. Ni ulimi wako, na mimi sitakufukuza. Lakini useme unakubali kwa kuwa unataka tuzo, au unataka kitabu, au umechoka. Usinitangulize mimi na kikohozi changu. Hicho kikohozi ni changu, nilikipata kazini, hakiuzwi."

Apolonia akamtazama. Mzee wa watu, shati jeupe, shingo nyembamba kwenye kola iliyomzidi. Akahisi kitu kimelegea begani, kama pale mtu anapokupokea ndoo.

"Ngazi zitakuua," alisema.

"Zimeanza zamani, na bado hazijafaulu. Twende, tumemwacha mgeni."

Krupa alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono nyuma, akitazama vile viti kama mtu anayekagua shule.

"Nimeona uchungu kwa ajili yako, Ndugu Apolonia," alisema, na kwa kweli sauti yake ilikuwa na huruma. "Wamesoma gazeti. Wameshakuhukumu. Wewe hujasema neno hata moja, na tayari wamekutupa. Huyo Zaręba na mkewe, kila mwaka huja kwanza, sivyo? Wako wapi? Unawalinda watu ambao hawakukulinda hata jioni moja. Aibu waliyokupa umekwisha kuila yote. Basi angalau ule na tuzo."

Hayo ndiyo maneno aliyokuwa akiyaogopa tangu asubuhi, pale aliposimama mlangoni na benchi mkononi. Sasa yamesemwa, na yalikuwa ya kweli, maana viti ni vile pale, hakuna aliyevikalia. Apolonia alivipitisha macho kimoja kimoja. Hiki hukalia Hermina, kwa sababu kiko karibu na samaki. Hiki Ksawery, kwa sababu kina mguu mbovu na yeye hupenda kuyumba. Akangoja moyo umwambie kwamba Krupa amesema sawa. Moyo ukamuuma sana, lakini hilo haukulisema.

"Huenda ni kweli hawaji," alijibu. "Huenda hawaji tena maisha. Lakini Ksawery hajapotea njia, Bwana Krupa. Namjua. Ni mkaidi, anakopa vitabu harudishi, na mashairi yake marefu yanahitaji makasi. Kupotea hajapotea. Sitasema hivyo Jumamosi, wala siku nyingine. Tuzo mpeni mwingine."

"Gazeti limeshaandika."

"Gazeti ndilo lililoandika. Mimi sikuandika."

Krupa akashusha pumzi. "Kitabu chako kiko kiwandani. Unajua jinsi karatasi ilivyo adimu mwaka huu."

"Najua."

"Na ile nyumba wanaisubiri wengi."

"Mpeni mwenye kuisubiri," Ludomir alisema. "Mimi bustani zinanipigisha chafya."

"Na viti hivi, mama?" Krupa aliuliza, na hapo upole ulikuwa umemtoka kidogo. "Utavifanya nini?"

"Ni vyangu. Nitakalia hiki, kesho nitakalia kile."

Krupa alivaa koti lake mwenyewe, vifungo vyote mpaka juu. Alimbusu tena mkono, kwa sababu desturi ni desturi, akatoka. Apolonia akafunga mlango, akaegemea kwa mgongo. Alidhani atalia, badala yake akajikuta anapiga mwayo, mwayo mkubwa wa ng'ombe, mbele ya mumewe.

"Umemkatalia," Ludomir alisema, kama haamini.

"Nimemkatalia."

"Bila kupaza sauti."

"Ungetaka nipaze?"

"Hapana, hapana. Nasema tu. Kaa chini, Pola, umekuwa mweupe kama hicho kitambaa."

Hakuwahi kukaa. Huko chini, ghorofa ya chini kabisa, sauti ya Krupa ilipanda katika shimo la ngazi, kali, si ile ya kubembeleza.

"Gerwazy! Gerwazy! Dereva yuko wapi? Gari iko hapa, dereva yuko wapi?"

Kikafuata kishindo cha mlango, kisha sauti ya Genowefa, yule mjane wa ghorofa ya chini anayesikika hata akinong'ona. "Usimpigie mwenzio kelele! Yuko kwangu. Ulitaka afe na baridi garini, wewe unajilia samaki huko juu?"

"Umempa nini?"

"Kabichi na nyama. Na tone moja, kwa heri ya jina la jirani yangu. Ungependa akatae heri?"

"Tone!" Krupa alisema. "Hawezi hata kusimama!"

"Kusimama anaweza, mtazame. Kuendesha ndiyo sijui."

Sauti ya mwanamume ikasema kitu kwa utulivu mkubwa, pengine ndiye Gerwazy, na watu wengi wakacheka. Watu wengi, tena. Apolonia akamtazama mumewe. Mlango mkubwa ukafungwa kwa nguvu, Ludomir akasema, "Amekwenda kutafuta tramu," na kabla hajamaliza, ngazi zikaanza kulia. Zililia kwa nyayo za watu wengi wakipanda, vyungu vikigongana, mtu akiuliza nani ameshika maua, mwingine akisema maua ameyakalia.

Hakuna aliyepiga kengele. Hermina aliingia wa kwanza, pua nyekundu, chungu cha Genowefa kimekumbatiwa kifuani.

"Shoga, pokea hiki kabla hakijanimwagikia. Huyo mtu wako alikuwa anakaa mpaka lini? Tumekaa kwa Genowefa mpaka nimejua majina ya wajukuu wake wote!"

Apolonia hakupokea chungu. Alisimama tu, mikono hewani.

"Mlikuwa chini?"

"Tungekuwa wapi?"

"Nilidhani..."

Nyuma ya Hermina aliingia Ksawery, mrefu, amekunja shingo kwa mazoea ya milango mifupi, kucha nyeusi kwa makaa. Nyuma yake mwalimu mzee wa foleni, kofia tayari mkononi, na Genowefa, na wale majirani wa ghorofa ya tatu, na mwishoni kabisa dereva Gerwazy, amebeba sahani ya matango ya chumvi kwa uangalifu wa mtu aliyekunywa tone.

"Tulifika mapema," Ksawery alisema. "Tukakuta gari nyeusi imesimama mlangoni kabisa, mpaka tukajipenyeza ubavu kwa ubavu. Nikawaambia, mimi nikipanda sasa, kesho itaandikwa kwamba Apolonia Gawlik anakutana na Zaręba nyumbani kwake. Wakinikuta hapa watakumaliza. Tukamwomba Genowefa atuhifadhi mpaka aondoke."

"Krupa alitaka isimame hapo makusudi," dereva Gerwazy alisema kutoka mlangoni. Wote wakamgeukia. "Nilitaka kuegesha ng'ambo, penye taa. Akasema, hapana, mlangoni, waione vizuri." Akafikiri. "Nimeshafukuzwa kazi, nadhani. Matango niyaweke wapi?"

Apolonia akamtazama Ludomir, Ludomir akamtazama Apolonia. Kumbe ndivyo. Walikuwa ndani ya jengo moja wakati wote, wa juu wakilia kwamba wametupwa, wa chini wakila kabichi kwa kuwahurumia wa juu.

"Na gazeti?" aliuliza. "Mlisoma gazeti. Hermina, hukuja hata siku moja."

"Ah, gazeti!" Hermina alisema. "Tangu lini mimi naliamini lile? Hata tarehe yake huihakikisha kwenye kalenda. Sikuja kwa sababu huyu alinikataza. Aliniambia, tukimwendea sasa ataona tumekuja kujilinda. Aachwe aamue mwenyewe."

"Tulijua watakuomba nini," Ksawery alisema. "Waliwahi kumwomba mwingine kabla yako. Nikamwambia Hermina, Pola ana mgonjwa na ngazi. Akisema yale maneno, mimi nitakuja vilevile siku ya jina lake, nikae kwenye kiti changu."

"Mimi nisingekuja," Hermina alisema.

"Angekuja."

"Nisingekuja! Usinisemee. Ningekaa nyumbani, ningelia, na mwakani pengine ningekuja, na samaki nisingeonja." Kisha akaweka chungu chini, akamshika Apolonia mabega. "Umemjibu nini, shoga?"

Wote wakasogea karibu wasikie.

"Nimemwambia mashairi yako marefu yanahitaji makasi," Apolonia alimwambia Ksawery.

"Pola!"

"Na kwamba hujapotea. Tuzo nimewaachia."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu mzee alitafuta leso. Ksawery aligeuka akatazama dirisha kwa muda, uani palipokuwa na giza, halafu akasema kwa sauti isiyokuwa yake sawasawa, "Marefu kiasi gani?" na hapo ndipo wote wakaangua kicheko, wakaanza kuvuana makoti, wakayatupa juu ya kitanda cha Ludomir mpaka kitanda kikapotea.

Wakaimba wimbo wa kumtakia maisha marefu, wakaanza juu mno, wakakwama, wakaanza tena. Viti havikutosha. Gerwazy akakalia ndoo iliyogeuzwa. Wakala, wakagombana kuhusu kocha wa timu ya taifa, wakamwuliza Gerwazy siri za wakubwa, naye akawaambia kwamba wakubwa garini hulala usingizi kama watu wengine, midomo wazi. Mwalimu akasimama akasoma ule ubeti, akaukosea palepale anapoukosea siku zote.

"Kitabu chako hakitatoka," Ksawery alimwambia Apolonia, akiwa ameinama karibu naye. "Unajua hilo."

"Najua."

"Itakuwa miaka."

"Basi nitakuwa na miaka ya kuyasahihisha. Yapo mawili siyapendi."

Na ni kweli hakikutoka mwaka ule, wala uliofuata. Jumamosi tuzo alipewa bwana mmoja aliyeandika kuhusu mavuno ya viazi sukari, na gazeti likasema Apolonia Gawlik anaumwa. Ludomir aliendelea kusoma majina kwenye milango. Lakini hayo yalikuwa bado, na jioni ile hakuna aliyeyataka.

Ludomir na Ksawery walikuwa wanabishana, huyu anasema shairi zuri lazima liweze kusemwa na mtu anayepanda ngazi, yule anasema la, mpandaji akiwa na pumzi fupi ni makosa ya pumzi, ndipo Hermina akawashika wote wawili mikono.

"Shsh. Tazameni."

Apolonia alikuwa amelala. Amelala palepale kwenye kiti, katikati ya wageni wake, kidevu kifuani, aproni kiunoni, anakoroma kidogo.

"Tumwamshe?" mwalimu alinong'ona. "Siku ya jina lake?"

"Ukimgusa nitakuvunja mkono," Ludomir alisema.

Genowefa akaleta shali, akamfunika. Hermina akapiga magoti chini ya meza akamvua viatu, kimoja kisha kingine, akaviweka kando ya jiko. Wakasogeza viti vyao karibu zaidi, wakaendelea kubishana kwa kunong'ona.